Kutembea Bila Kwenda Popote

Jumatatu, 26 Januari

Sijawahi kuandika mambo yangu. Shule niliachia darasa la sita, na tangu hapo kalamu naishika tu kama kuna jina la kuandika kwenye bahasha ya harambee. Lakini leo kifua kimejaa. Nikimwambia Gerishon, ataongeza hofu yake juu ya yangu. Cheryl ni mtoto, ana miaka kumi na minne, simwekei mzigo. Basi naandika.

Nimepimwa sukari. Sista Teresa wa kliniki hapa mtaani Atlabara, Juba, alinitoboa kidole, akaangalia kamashine kake, akatoboa kidole kingine kama mtu ambaye hajaamini. Kumi na nne. Nikamuuliza, hiyo ni mbaya? Akasema, "Mama Cheryl, hiyo si ya kulala nayo."

Amenipa vidonge. Ugali nipunguze, soda niache, na "ile chai yenu ya Kenya ya maziwa" niache kabisa. Na nitembee kila asubuhi. Nikamwambia mimi hutembea, naenda soko. Akacheka. Ati kwenda soko na kusimama kwa kila meza si kutembea. Nitembee mpaka nitoke jasho.

Mama yangu sukari ilimla macho. Mwisho alikuwa akinitambua kwa kunipapasa mkono. Hiyo ndiyo picha niliyotoka nayo kliniki.

Jumanne, 27 Januari

Nimemwambia Gerishon. Ilibidi, aliona vidonge. Yeye ni fundi wa jenereta kwenye hoteli moja karibu na mto, na akisikia jambo baya anaongea kama anaelezea mashine. Akasema, "Jerioth, Aprili mvua zikianza hapa barabara zinaharibika na dawa zinakawia kuja. Kama hiyo namba haijashuka chini ya kumi mpaka hapo, utaenda nyumbani Embu, Runyenjes, kwa dada yako Ruguru. Hospitali iko karibu. Cheryl ataingia bweni."

Nikauliza, "Na wewe?"

"Mimi nitabaki na kazi."

Hakuniangalia. Miaka saba tumeishi Juba tukiwa watatu, tumekula vumbi pamoja, tumelala chini ya kitanda pamoja wakati ule wa milio ya risasi. Sasa ananigawanya kama nyama. Mmoja Embu, mmoja bweni, mmoja hapa.

Sitaki kwenda.

Alhamisi, 29 Januari

Leo tumeanza. Nimetoka na Mirembe, jirani yangu Mganda mwenye saluni kule Malakia. Alikubali haraka nikashangaa, kumbe ana suruali aliyonunua Kampala na haimwingii. "Mama Cheryl, wewe naokoa macho, mimi naokoa suruali. Tuende!"

Tumepita kando ya ukuta wa chuo kikuu, tukashuka upande wa Malakia, mpaka mahali unaona mto. Asubuhi kuna ubaridi kidogo, vumbi bado limelala. Malori ya matangi ya maji yanapanga foleni. Wanawake wanafagia mbele ya milango na kila mmoja anauliza, "Mnaenda wapi?" Nikisema kutembea tu, anaegemea ufagio kusikia mengine. Hapa mtu anayetembea haraka na hana kitu mkononi, kuna kitu kimetokea kwake. Mmoja alituambia pole ya msiba.

Kwenye kona kabla ya mto kuna mama wa chai, jina lake Tisa. Ana jiko la makaa, vigoda vya kamba, na vikombe vidogo vya kioo vimepangwa kama askari. Alikaa ukimbizini Uganda miaka mingi, kwa hiyo Kiswahili anacho. Akatuita, "Taal, geni!" Njooni mkae. Mirembe akamweleza tunafanya nini.

Tisa akashika kiuno. "Mtu natembea, natembea, halafu narudi pale pale? Si ungebaki?"

Tulicheka mpaka tukaketi. Akatupa chai ya rangi yenye iliki na tangawizi. Si ya maziwa, nikamshukuru Mungu. Siku ya kwanza, na nilitoka jasho.

Jumamosi, 31 Januari

Tumetembea. Miguu inauma. Tukapita kwa Tisa.

Jumanne, 3 Februari

Tumetembea. Mirembe alifukuzwa na mbwa, akanipita kama gari. Tisa alitupa chai ya pili bure, ya kutuliza moyo.

Jumamosi, 7 Februari

Leo tumeenda Jebel, ule mlima wa mawe pembeni mwa mji. Tulipanda raksha, hizi bajaji za hapa, mpaka soko la Jebel, halafu tukaanza kwa miguu. Usiku sikulala nikiwaza nyoka, nikiwaza askari, nikiwaza Cheryl amebaki peke yake. Nilimpigia simu mara tatu kabla hatujafika chini ya kilima. Mara ya tatu akasema, "Mama, niko tu kitandani, ni nini kitanipata kitandani?"

Chini ya mlima wanawake wanavunja kokoto. Wanakaa juani na nyundo, watoto wao wamewalaza kwenye kivuli cha kitenge. Niliona aibu, mimi napanda kwa raha na wao wanavunja kwa chakula. Lakini mmoja aliinua nyundo akatushangilia, tukapata nguvu.

Njia inaanza pana halafu inakuwa nyembamba ya mbuzi, katikati ya mawe meusi. Pale mwanzo kuna yadi ya kokoto, na mlinzi wake ni mtu mrefu anaitwa Riang. Akatuuliza, "Mnatafuta nini huko juu?"

Mirembe akasema, "Afya."

Akaangalia juu, akatuangalia sisi. "Na ikiwa haiko?"

Hatukufika kileleni. Nusu tu, kifua kilikuwa kinapiga. Lakini niliona Juba yote, mabati yanamulika, na mto nyuma yake umetulia kama mkanda. Miaka saba na sijawahi kuuona mji ninamokaa. Tuliposhuka Riang alituwekea chai yake ya chupa, tamu sana, akakataa katakata tukatae.

Nimerudi nikaimba jikoni. Cheryl ameuliza kama niko sawa.

Alhamisi, 12 Februari

Tumetembea. Joto. Kwa Tisa, vikombe viwili.

Jumatatu, 16 Februari

Sasa watu wa njiani wananijua. Mama mmoja anayeuza mkaa alitungojea na birika, ati jana tulimpita bila kukaa, amekosa nini? Tukakaa. Halafu kwa Tisa. Gerishon nimemwambia tutembee wote Jumapili, akasema akionekana anatembea asubuhi watu watasema hoteli imemfukuza.

Jumatatu, 23 Februari

Kumi na tano.

Sista Teresa alipima mara tatu. Nimetembea mwezi mzima, ugali nimekula wa kiganja, chai ya maziwa sijaionja hata siku Cheryl alipochemsha nyumba nzima ikanukia. Na imepanda. Sista akaniuliza kama nameza dawa, nikamwonyesha pakiti. Akauliza kama nakula kwa siri. Hapo nililia. Si machozi ya kujipangusa, yale ya sauti. Watu waliokuwa kwenye foleni walifikiri nimeambiwa jambo la kufa.

Sista akanishika bega. "Basi kesho mimi mwenyewe natembea na nyinyi. Nione."

Gerishon nimemwambia ukweli. Akatoka nje na simu. Nilisikia kupitia dirisha. Alikuwa anaongea na dada yangu Ruguru, anauliza kama chumba cha nyuma kiko wazi.

Sina mume tena, nina mtu wa kusafirisha mizigo. Mungu anisamehe nikiandika hivyo.

Jumanne, 24 Februari

Sista alikuja kweli, amevaa raba nyeupe. Tulitembea vizuri, akasema mwendo wangu ni mzuri, wa mtu anayetaka kupona. Nikafurahi kama mtoto. Kwa mama wa mkaa tukakaa, kidogo tu, adabu. Tukafika kwa Tisa, tukakaa.

Tisa akaweka sukari kwanza, kama anavyofanya siku zote, halafu akamimina chai juu. Sista akachukua kikombe changu, akakiinamisha kwenye mwanga. Chini kulikuwa na sukari nyeupe kiasi cha theluthi ya kikombe. Akaingiza kijiko. Kikasimama chenyewe.

"Jerioth. Hiki ni cha ngapi?"

"Cha pili. Lakini ni ya rangi, Sista. Si ya maziwa."

Alirudisha kikombe mezani. Halafu akaanza kucheka pale kwenye kigoda, anacheka anajifuta macho, akasema, "Ni mimi. Ni mimi nilikuambia maziwa." Kumbe maziwa hayakuwa kitu, ni sukari tu. Mwezi mzima natembea kwenda kunywa sukari, narudi nimetoka jasho najiona shujaa.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nikihesabu kichwani kwa Tisa, kwa mama wa mkaa, kwa Riang. Kila aliyenipenda alinipa sukari, na kila aliyenipa nilipokea.

Jumatano, 25 Februari

Tumepitia njia ya nyuma, ya karibu na makaburi, ili tusipite kwa Tisa. Nitamwambiaje? Huku ukimpa mgeni chai isiyo na sukari, umemtukana.

Jumamosi, 28 Februari

Njia ya nyuma. Mirembe anasema ina harufu mbaya.

Jumatano, 4 Machi

Shule zimefungwa kwa ajili ya joto. Cheryl amelala sakafuni na kitambaa chenye maji. Tumetembea kabla hata jogoo hajaamka vizuri. Njia ya nyuma.

Ijumaa, 6 Machi

Leo naandika mengi, kwa sababu nimekosana na mtu na ni mtu mzuri.

Tulikuwa njia ya nyuma, tumevuka mtaro, tukamwona Tisa amesimama katikati ya njia. Hana jiko, hana birika, mikono tu. Mirembe akasema polepole, "Banange, tumekwisha."

Tisa hakumwangalia. Aliniangalia mimi.

"Mama Cheryl. Mimi iko pale kona kila siku. Wewe napita nyuma kama mwizi."

Nikaanza kusema pole, akakata.

"Watu nakuja kwangu nasema, Tisa, ile Mkenya nasema chai yako nataka kumuua. Chai yangu! Soja nakunywa, mwalimu nakunywa, padri nakunywa. Nani amekufa? Taja jina!"

Nilimgeukia Mirembe. Alikuwa anaangalia kiatu chake. Kumbe alisimulia kwenye saluni yake, kwa kuchekesha tu, ati rafiki yangu anatembea kwenda kunywa sumu. Na saluni ya Malakia ukisema neno asubuhi, jioni limeshavuka daraja.

Mirembe akasema, "Nyabo, mama yangu, mimi nilikuwa nacheza."

Tisa akamwambia, "Cheza na nywele za watu."

Nilitaka kukimbia. Mimi ni mtu wa kuogopa, najijua, nikigombezwa nasahau hata jina langu. Lakini nikamwona Tisa kidevu kinatetemeka, nikaelewa hakuja kugombana. Amekuja kwa sababu ameumia. Nikamwambia yote, pale pale juu ya mtaro. Macho ya mama yangu. Kumi na nne, kumi na tano. Gerishon na simu dirishani. Kwamba nikishindwa naondoka Juba na mtoto wangu anaingia bweni.

Alisikiliza. Halafu akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utasema nimekataa chai yako."

"Ndiyo, ningesema." Akafikiri. "Ningekasirika leo na kesho. Lakini ungeniambia."

Akaondoka. Sijui kama tumepatana. Mirembe amelia njia nzima na mimi sijamwambia usilie.

Jumamosi, 7 Machi

Nimeenda kwa Tisa peke yangu. Kigoda kilikuwepo, nikakaa bila kuitwa. Wanaume wanne walikuwa wanakunywa, wakanyamaza.

Nikasema, "Tisa, nipe chai. Mafi sukar, bila sukari."

Akauma mdomo. "Nikikupa hivyo watu watasema Tisa ana choyo."

"Nitawaambia ni mimi nimeomba."

"Watu hawasikii. Watu naona."

Akakaa akichochea makaa. Halafu akachukua kisahani, akakijaza sukari mpaka ikamwagika pembeni, akakiweka mbele yangu juu ya kameza. Chai akaimimina kwenye kikombe kitupu. Akasema kwa sauti ya wote, "Sukari ya Mama Cheryl hii hapa, nimempa. Asipotaka kuweka ni shauri lake." Na kwa sauti ya chini, "Ukigusa nakuchapa."

Chai ilikuwa na tangawizi nyingi, chungu, ikaniwasha koo. Nilimaliza yote. Wanaume wakaendelea na maneno yao.

Jumatano, 11 Machi

Njia ya mbele. Kisahani. Mirembe ameomba msamaha na Tisa amemwambia amsuke bure. Anasukwa kesho.

Jumanne, 17 Machi

Joto halipungui. Tumetembea. Kwa mama wa mkaa pia nimeomba kisahani, Tisa alishamwambia.

Alhamisi, 19 Machi

Tembea. Kizunguzungu kidogo, nikakaa juu ya jiwe, kikapita. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 21 Machi

Tisa amefunga jiko lake leo, akaja nasi Jebel! Amevaa ndara na gauni la kanisani. Njia nzima alikuwa analalamika. "Mimi nalipwa na nani kupanda jiwe?" Wanawake wa kokoto wanamjua, akasimama kwa kila mmoja, tukakaribia kuchelewa. Riang akatoa chupa yake ya chai, na kabla sijafungua mdomo Tisa akamwambia mambo ya sukari yangu yote, mbele ya kila mtu, mpaka mambo ya choo. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini Riang aliitikia kwa kichwa, akanipa maji.

Tumefika kileleni. Sitaandika uongo, mahali pengine nilipanda kwa mikono na magoti, na Mirembe alinisukuma mahali ambapo mtu hasukumwi. Juu kuna upepo ambao mjini haupo. Tisa alituonyesha upande wa Yei, barabara aliyokimbilia kwa miguu akiwa na mtoto mgongoni, kwenda Uganda. Siku nyingi, akasema, na hakujua anafika wapi.

Halafu akasema, "Sasa nimeelewa. Hii ya kwenu ni tamu. Unatembea na nyumbani unajua iko wapi."

Mirembe akamshika mkono, tukaanza kushuka.

Ijumaa, 27 Machi

Usiku kumenguruma. Hakuna tone.

Jumapili, 29 Machi

Gerishon ameleta mfuko mkubwa wa kusafiria. Ameuweka nyuma ya mlango bila kusema. Cheryl ameuona, hakula.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Sikugusa keki. Gerishon aliniangalia nikikataa keki, akasukuma sahani yake pia. Sijui alikuwa anafikiri nini.

Jumanne, 7 Aprili

Mvua ya kwanza. Kubwa, ya kupiga mabati mpaka hamsikiani. Cheryl alitoka nje akasimama katikati ya ua na mikono juu. Kwa mara ya kwanza sikumwambia ataugua.

Ndiyo Aprili. Alhamisi napimwa.

Alhamisi, 9 Aprili

Gerishon ameomba ruhusa kazini akaja nami kliniki. Nilifikiri amekuja kusikia hukumu ili anunue tiketi. Tulikaa kwenye benchi, goti lake linatikisika, benchi yote inatikisika. Nikamwambia tulia. Akasema, bila kuniangalia, "Mama yako alipokuwa haoni, nilikuwa namwongoza kwenda chooni, unakumbuka? Alikuwa akiniomba msamaha kila siku. Kila siku, Jerioth. Mimi siwezi kukusikia wewe ukiniomba msamaha hivyo. Nikaona heri uwe mbali lakini unaona."

Zaidi ya miezi miwili nimemwandika vibaya hapa. Nikaweka mkono juu ya goti lake, likatulia.

Sista Teresa akanitoboa. Tulingoja. Kamashine kakalia.

Nane na nusu.

Akapima tena kwa sababu alijua nitaomba. Nane na nusu. Akasema bado haijafika panapotakiwa, ni safari, lakini macho yangu yana nafasi. Gerishon akainama akashika uso. Sista akamwacha kidogo, halafu akasema, "Baba Cheryl, hebu na wewe lete kidole."

"Mimi sina kitu."

"Lete."

Akaleta. Sista akasoma, akanigeuzia kamashine nione mimi kwanza. Haikuwa ya ugonjwa, lakini ilikuwa imesimama mlangoni inabisha. Akamwambia anakula vizuri hotelini na kukaa karibu na mashine siku nzima, na kama hatabadilika mwakani atakuwa hapa na vidonge.

Gerishon alitembea mpaka kwenye lango. Pale akakohoa, akauliza kama mtu anayeuliza bei, "Hivi kesho mnatoka mapema kiasi gani?"

Nyumbani alichukua ule mfuko nyuma ya mlango, akaweka ndani nguo zake za kazi zilizochafuka, akaupeleka kwenye beseni la kufulia.

Ijumaa, 10 Aprili

Mvua ilinyesha usiku kucha. Njia ya kwenda Malakia imegeuka uji mwekundu. Gerishon alivaa gamubuti za kazi, na kofia aliyoivuta mpaka kwenye nyusi ili asijulikane. Mirembe akapaza sauti, "Karibu, mgonjwa mpya!" Mtaa wote ukamjua.

Siku zote tukitoka pamoja yeye hutangulia na mimi nafuata mgongo wake. Leo nilisikia viatu vyake vikibaki nyuma, tope linavinyonya, yeye anapumua kama jenereta yenye mafuta machafu. Nikasimama, nikamngoja. Akanifikia, akashika kiuno.

"Tumebakisha mbali?"

"Ndiyo kwanza tunaanza."

Gamubuti moja ilikuwa imezama. Akanipa mkono nimvute. Nikamvuta.